Kizibo Namba Kumi

Kizibo changu kilitoka na namba kumi,
wino wa bluu, mwandiko wa Shekiondo,
ndani ya kopo la maziwa ya unga anamowekea spoki.
Wakacheka wote tisa,
gereji ya baiskeli, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
Ijumaa baada ya isha, ligi imebakiza wiki moja ianze.
"Sauda, mwaka huu umekuja kututazama."

Sikuwajibu. Nilikuwa nahesabu.

Mchezo wetu ni wa daftari.
Ukishamtaja mchezaji ni wako, hana ubia:
akifunga unavuna,
akila kadi nyekundu unakula naye.
Na foleni yetu ni nyoka,
hushuka kutoka moja mpaka kumi,
kisha hugeuka, kumi mpaka moja.
Wenye namba ndogo wamekamata kichwa.
Mimi nimekalia pale anapojikunja,
natajia mara mbili kwa pumzi moja,
halafu nafunga mdomo
majina kumi na manane yapite.

Kwetu Pongwe mimi ni kitinda mimba, wa nane.
Mkono wangu ukifika kwenye sinia
samaki amebaki miba na jicho.
Lakini sufuria hakuna aliyenigombea:
ukoko wa wali wa nazi,
unaubandua kwa ncha ya mwiko,
unatafuna huku kaka zako wananawa.

Mhando akaanza. Lugendo, bila shaka,
magoli kumi na tisa msimu uliopita
na goti ambalo hakuna aliyeliulizia.
Wa pili mshambuliaji. Wa tatu mshambuliaji.
Kaoneka akagonga meza, akagugumia, akafuta,
mpaka Shekiondo akamwambia,
"Mchagua nazi hupata koroma, taja jina tufunge duka!"
Akataja mshambuliaji.

Nikapiga mstari juu ya kila jina lililokwenda.
Aliyekwenda si wako, usimlilie,
machozi yanalowesha karatasi.
Nikatazama waliobaki:
mshambuliaji wa kumi na wa ishirini
wamepishana jezi tu.
Ila viungo wanaopiga penalti ni wanne nchi nzima,
na beki wa kushoto apigaye kona zote
ni mmoja.

Nikamtazama Mbelwa, namba tisa, jirani yangu wa mkiani.
Ana mshambuliaji tayari. Nikigeuka, zamu yake inafuata,
na njaa yake naijua: anataka kiungo.
Basi nikala kwa njaa yake.
"Chilongani. Na Nkwera."
Kimya. Halafu,
"Beki? Raundi ya pili? Beki?"
Mbelwa peke yake hakucheka.
Aliuma kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Nikatoka nje. Manyunyu.
Mtoto amekuja na tairi limekwisha upepo,
nikamjazia mwenyewe, pampu ya mguu, sikumdai.
Nikanunua kahawa, kashata moja.
Ndani majina yanapita kama mabehewa,
na mimi nimebana moja chini ya ulimi:
Semkiwa, winga wa miaka ishirini,
aliyecheza dakika sitini tu msimu mzima
nami nilizitazama zote sitini.
Hakuna amjuaye. Atanifikia tu.

Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na nane.
Nikarudi kwenye benchi, nikakunja mikono,
nikajifanya nasoma tangazo la betri ukutani.

Mbelwa akanigeukia.
Alitabasamu polepole, kipande cha plastiki mdomoni.
Akasema, "Semkiwa."

Ah, Mbelwa.
Kumbe mwaka mzima tukitazama mechi kwenye simu yangu
na wewe ulikuwa na macho.
Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye daftari,
juu ya Lugendo na goti lake.

Haya, nipeni kalamu.
Bado nina mbili.