Asilimia Tano

Mto Tisza umepanda sentimita kumi na nne tangu chakula cha jioni.
Katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya Füzesalja
tumesukuma magodoro ya sarakasi ukutani,
tumeunganisha meza tatu za tenisi,
na juu yake, jedwali.

Mistari minne: mabonde manne tunayoweza kuulisha mto
ili mji ulio chini ubaki mkavu.
Safu saba: kaya, mahindi, barabara, gharama ya pampu,
viota vya korongo, muda wa kukauka,
na ile ya saba, aliyoidai kasisi Barnabás
tulipokuwa tumeshavaa makoti:
makaburi.

Uzani niliwaachia wao.
Watu kumi na mmoja, kila mmoja punje mia za maharagwe
na vikombe saba vya plastiki.
Wekeni, nikasema, kadiri moyo unavyouma.
Mhandisi Gellért aliweka zake kwa kijiko.
Mama Piroska wa duka la mikate alimwaga nusu nzima kwenye kaya,
akakitazama kikombe cha makaburi,
akatia punje mbili mfukoni mwa aproni.
Sikumuuliza. Nilisawazisha kwa desimali.

Nikachukua wastani.
Wastani ni mtu ambaye hayumo chumbani
lakini ndiye apigaye kura ya mwisho.
Makaburi: asilimia tano.

Miaka thelathini ya vipimo vya mto, picha za setilaiti,
udongo uliochimbwa na kutiwa namba,
vyote nikaviingiza. Mashine ikajibu
upesi kuliko mtu anavyopiga chafya:
Bonde la Tatu.

Bonde la Tatu lina miplamu ya Szilárd Kerekes,
na mkewe, chini ya msalaba wa chuma
anaoupaka rangi kila Aprili.
Alikuja na matope hadi magotini, akaomba aonyeshwe.
Akaweka kidole kwenye safu ya saba.
"Tano ya nini?"
Ya mia, nikasema.
"Mia ya nini?"

Nimesoma miaka tisa. Jibu la swali hilo ninalo,
kurasa mbili, na alama za Kigiriki.
Nikaitazama kucha yake nyeusi juu ya namba yangu,
nikanyamaza.

Kisha nikafanya kile ambacho kazi inaniruhusu:
nikaisukuma ile tano. Sita. Saba. Nane, bado Bonde la Tatu.
Kwenye tisa jedwali likajigeuza kama mtu usingizini,
Bonde la Kwanza likapanda juu:
kaya nne, zizi la nguruwe la akina Dudás,
kitanda cha mtoto wa wiki sita.

"Kwa hiyo," akasema, "kati ya kaburi la mke wangu na kitanda kile
pana punje nne."
Nne kwa kila mtu, nikasema,
kana kwamba hilo linapunguza kitu.

Wakubwa wa mjini walitaka ukurasa mmoja, jina moja.
Wengi wape, husemwa; hakuna asemaye
wapewe kutoka mfuko wa nani.
Nikaandika: Bonde la Tatu.
Na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule:
uamuzi huu umesimama juu ya punje nne.
Waliozihesabu ni hawa.
Nikaorodhesha majina, na la kwanza likawa langu.

Saa kumi na moja alfajiri lango lilifunguliwa.
Maji hayakuvuma. Yaliingia kama mgeni
anayejua viatu vinavuliwa wapi.
Szilárd alikuwa juu ya tuta na toroli,
ndani yake msalaba, umefunikwa koti.

Mwezi Juni nilinunua mkate kwa Piroska.
Juu ya chenji akaweka maharagwe mawili.
"Nilimwekea mama yangu," akasema. "Naye amelala kule."
Na macho yake yakauliza lililobaki.

Usiku ule nilizirudisha kwenye hesabu.
Zisingebadili kitu.
Sijamwambia. Sijui nikimwambia
nitakuwa nimempunguzia mzigo, au nimempokonya.