Chumba Hakimo

Kwenye geti wamepigilia kibao cha shaba:
HAIRUHUSIWI KUBOMOA, KUONGEZA WALA KUPUNGUZA.
Nyumba kumi na nne mlimani, juu ya karakana ya reli,
zimeandikwa kwenye gazeti la serikali,
na gazeti hilo halibishani na mtu.

Mimi Nzilani, fundi wa plasta,
nimeletwa Namba Tisa na ndoo zangu.
Bi Akeyo wa urithi alinikataza simiti:
"Jiwe la Ndarugu linapumua.
Ukilipaka simiti umeliziba pua."
Nikaloweka chokaa wiki tatu,
nikaikoroga hadi ikawa nzito kama mtindi,
nikakwangua rangi: kijani ya Kanjo, krimu,
buluu ya mhasibu fulani aliyependa buluu,
na chini kabisa nyeupe iliyokataa kutoka.

Kila kitu wamekihesabu.
Vigae vya Mangalore, mia nane na sita.
Bawaba. Ndoano ya kofia.
Hata kengele ya jikoni,
ile ya kumwita mtu bila kumtaja jina,
ina namba yake, na ni marufuku kuigusa.

Babu yangu Mulei aliiitikia miaka kumi na tisa.
Aliingia kwa mlango wa nyuma,
kipande kimoja shingoni,
kipande kingine, cha blanketi, mkononi,
akaing'arisha sakafu hii kwa magoti na nta.

Chumba chake kipo bado, nyuma ya bomba,
futi nane kwa tisa,
dirisha kama bahasha.
Kwenye jiwe la mlangoni alichora mistari kwa msumari,
minne imesimama, wa tano umeikata ubavuni.
Mama asema ni deni la duka la Premji.
Mjomba asema ni siku za kungoja barua kutoka Mbooni.
Mimi nimeihesabu: mia mbili na kumi,
na mmoja ambao haukumaliziwa.

Nikamwuliza Bi Akeyo: na hiki?
Akafunua karatasi, akalamba kidole, akafunua tena.
"Hakimo," akasema, wala si kwa ubaya.
"Wapimaji waliishia kwenye bomba."
Jumatatu kinavunjwa,
magari ya wageni yapate pa kuegesha.

Chokaa ilibaki ndoo moja na nusu.
Mkandarasi akasema, mwaga mtaroni.
Alhamisi jioni, vijana walipokwisha kuondoka,
nikazipaka kuta nne za chumba cha babu,
mkono wa kwanza, mkono wa pili,
nikiizunguka ile mistari
kama mtu anayemnyoa mtoto mwenye kidonda.

Chokaa haitaki haraka.
Inataka maji asubuhi na jioni, siku saba,
la sivyo inapasuka.
Barasa wa getini akanicheka:
"Dada, unamwagilia maiti?"
Kesho yake nikakuta amenijazia ndoo.

Leo Jumapili.
Treni ya mizigo imepita huko chini,
kuta za Namba Tisa zikatikisika kidogo, kwa ruhusa ya sheria.
Na hizi nazo.
Nimenyunyiza maji. Ukuta umeyanywa kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyesikia jina lake
akavuta pumzi kabla ya kuitika.

Zimebaki siku nne ikomae.