Mizani

Dirisha la tatu, ofisi ya vitambulisho, Moshi mjini.
Kijana wa kompyuta anauliza bila kuinua macho:
"Jina la baba?"
Mizani.
"Nimeuliza jina, mama, sijauliza kifaa."
Foleni nyuma yangu inacheka. Nacheka nayo, nimezoea.

Alizaliwa bomani kwa Mangi
mwaka ambao mwana mrithi alikuwa Makerere
akisomea namna ya kututawala.
Barua zake zilifika kila mwezi,
ila hakuna mimba iliyowahi kuja kwa posta.

Kwenye ghala la chama cha ushirika palikuwa na karani,
mtu wa Upareni, kalamu sikioni.
Wote walijua. Migomba ina masikio mapana.

Siku ya kumtoa mtoto nje
mama mkwe alimnyanyua juu ya vibuyu vya mbege
akasema: Huyu ni Mizani.
Hakuongeza neno.
Hakuna aliyechapwa, hakuna aliyefukuzwa.
Jina lilitosha, fimbo isiyochoka,
akiitwa kula, akiitwa shule,
akiitwa tu ili wageni wasikie.
Padri akambatiza Filbert. Likachujuka
kama rangi ya khanga ya bei rahisi.

Karani alihamishwa kabla ya mvua za vuli.

Bibi aliniambia mwaka aliokufa,
ungo wa maharage mapajani:
"Walidhani wananitukana.
Jioni moja gunia la mwisho limeshapimwa,
akaniambia, panda na wewe.
Nikapanda, miguu peku kwenye bati la baridi.
Akasogeza kile chuma taratibu, taratibu,
mpaka mkono ukatulia.
Kilo hamsini na mbili, akasema, na wala hakuandika.
Boma lile lote, ng'ombe wake wote,
hakuna aliyewahi kutaka kujua uzito wangu."
Akapuliza maganda.
"Kila walipomwita mwanangu
nilikuwa napanda tena."

"Jina la babu?"
Acha wazi.
"Mfumo haukubali nafasi tupu, mama."
Foleni imenyamaza sasa.
Basi andika Karani.
Ananitazama kwa mara ya kwanza,
kisha anaandika kwa kidole kimoja,
herufi kubwa zote,
kama fomu inavyotaka.