Jina Chini ya Weusi

Walinipa wiki tatu na kompyuta iliyong'oka herufi R.
Barua pepe elfu kumi na moja, mia tatu na kumi na sita:
miaka tisa ya Sista Ayikoru, aliyemjibu kila mtu
kutoka chumba hiki cha nyuma ya zahanati, Arua,
mpaka pumzi ilipomwishia mwezi wa Februari.
"Akaunti inafungwa," mhasibu alisema. "Zigeuze zote PDF,
halafu tuone."
Tuone nini, hakusema.

Mtandaoni nilikuta mahali palipoandikwa:
Leta zote hapa, bure, dakika kumi tu.
Bure!
Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya
macho yalipoangukia barua ya kwanza:
Sista, mume wangu hajui kwamba nameza vidonge.
Nikajiuliza, ni nani huyo anayepokea bure?
Kwake hufagia nani, na kuokota
yaliyodondoka sakafuni?
Nilipokwisha kuziteremsha zote nikachomoa waya,
nikauviringa, nikautia kwenye droo
pamoja na miwani ya marehemu.

Mia mbili kwa mkupuo, umeme ukipenda.
Usipopenda, nilisikiliza kinu cha jirani kikisaga mihogo
na kompyuta ikipoa polepole kama chungu.
Faili za mwanzo nilizipa majina ya wenyewe:
Drateru, mimba, Juni.
Siku ya pili nikaona aibu. Kumbe jina la faili nalo lina mdomo,
linasema kabla hujafungua mlango.
Nikaanza upya kwa namba tupu,
na nani ni namba ipi nikaandika kwa kalamu
katika daftari moja, kabati la chuma,
ufunguo kwa matroni asiyecheka.

Kisha majina ya ndani. Niliyachorea visanduku vyeusi,
kimoja kimoja, nikijiona fundi.
Akaja Onzima wa mashine ya chapa, anatafuna karanga,
akaburuta kipanya juu ya weusi wangu,
akanakili, akabandika kwenye ukurasa mweupe,
na jina likatoka zima, halina hata vumbi.
"Dada, umelitandikia shuka," akasema.
"Kulifuta bado."

Barua elfu mbili na mia nne, kutoka mwanzo tena.
Nililia kidogo. Nikanywa chai. Nikafuta.

Ijumaa, namba 07742.
Mwandishi hakutaja jina lake popote.
Alitaja simsim anayouza mkabala na msikiti,
na jiwe la mto Enyau analotumia kupimia
tangu ratili yake ilipoibwa.
Jiwe lile nalijua. Kila Jumamosi nagombana nalo.

Nikafuta jiwe.
Nikafuta msikiti, nikafuta simsim,
nikafuta mtoto wa tano na mwezi aliozikwa.
Ukurasa ukabaki kama shamba lililoungua,
na katikati, neno moja limesimama:
Nifanyeje?
Hilo nililiacha. Ni la kila mtu.

Lakini kichwa changu hakina kitufe hicho.

Jumamosi nilikwenda sokoni na kikapu kilekile.
"Mi ngoni?" akanisalimu, akanipangusia kigoda.
Njia nzima nilikuwa nimekusudia
kumlipa bei yoyote atakayotaja, na ya juu yake.
Nikamtazama mikono. Nikaelewa:
nisipobishana leo, atajua.
"Elfu nane? Mama, simsim yako imetoka kuhiji?
Na hilo jiwe lako, kila wiki linakonda!"
Akacheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani,
akanitukana vizuri, akaongeza konzi moja,
akaliweka jiwe kwenye mizani
nami nikageuka kutafuta sarafu
ambazo nilikuwa nazo mkononi.