Ijumaa ni ya Mama

Mwisho wa mwezi Bwana Probert wa mishahara
alinisukumia fomu juu ya kaunta, kimya,
kama mtu anayekupa siri ya mtu mwingine.
"Tia sahihi hapa. Kiasi hiki tutakikata
kabla kodi haijakifikia."

Nikaipenda hiyo *kabla*.
Maisha yangu yote kodi imekuwa ikifika kwanza,
ikivua viatu, ikimaliza chai,
ndipo nami nibishe hodi kwenye mshahara wangu.

Sasa ziko pauni ambazo hazitapita mkononi mwangu.
Zinatoka kiwanda cha biskuti, hapa Wrexham,
zinageuka vocha, tarakimu kwenye skrini,
zinaingia kwa Delyth Pugh, mlezi aliyesajiliwa,
mwenye cheti ukutani kando ya friji,
geti la makomeo mawili,
kabati la dawa nisilolifikia hata mimi,
na daftari:
*Emrys kala nusu karoti.
Emrys kalala dakika arobaini.
Emrys kamng'ata Tomos. Tumezungumza.*

Kabla ya hapo alikuwa kwa mama.
Mama yangu Heulwen, wa nyumba ya mwisho kilimani,
aliyelea watano wake, wawili wa jirani,
na mwanakondoo mmoja yatima, kwa chupa, jikoni.

Nilimuuliza Bwana Probert:
vocha hii, naweza kumlipa mama?
Akaitazama karatasi mbele, akaigeuza nyuma,
kana kwamba mama angekuwa amejibanza huko.
"Amesajiliwa?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Unamwambiaje mtu aliyekufunza kutembea
kwamba serikali haijui kuwa anajua?

Nilimwambia Jumapili, tukimenya viazi.
Magoti yako yamechoka, nikasema,
mtoto naye amejua kukimbia.
Hayo niliyatanguliza. Akasikiliza.
Akauliza huyo Delyth anatoza ngapi kwa saa.
Nikamtajia.
Kisu kikasimama.

Akaanza kuhesabu kwa midomo, bila sauti,
miaka miwili, siku tano, saa tisa,
nami nikaliona deni langu likipanda usoni mwake
hadi mahali namba zilipomwishia.

"Wanasema kuzaa si kazi," akasema,
"kazi ni kulea. Kumbe hawakusema bei."
Akachukua kiazi kingine.

Jumatatu alikuja nami bila kualikwa.
Alilitikisa geti.
Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama kidole.
Alionja supu, akaomba chumvi, hakupewa.
Delyth alimwonyesha cheti, mama hakukisoma.
Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni,
koti hajalivua,
na Emrys akampita mbio akifuata gari la mbao
bila hata kugeuka.

Hapo nilitaka kurudisha fomu.

Ndipo Delyth akafungua daftari ukurasa mpya,
akamuuliza, yeye, si mimi:
"Huwa analala vipi?"

Mama akanyamaza kidogo.
"Mkono chini ya shavu. La kulia.
Dirisha liachwe wazi upana wa kidole.
Usimwimbie. Mhesabie ngazi, polepole,
kama vile mnashuka pamoja.
Hafiki ya kumi na mbili."

Delyth akaandika. Yote.
Mama akaifuata kalamu kwa macho
hadi nukta ya mwisho,
kisha akavua koti.

Hati ya mshahara imekuja nyembamba mwezi huu,
lakini kodi nayo imekonda, nimeilinganisha.
Vocha, na nyongeza ninayoitoa mfukoni,
zinajikongoja hadi Alhamisi jioni
zinaishiwa pumzi.

Ijumaa ni ya mama.
Hana namba. Geti lake halina komeo.
Nikienda kumchukua mtoto nakuta kwenye meza,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
kwa mwandiko wake mkubwa unaopanda mlima:
*Emrys kala karoti nzima.*
Na chini yake, amepiga mstari mara mbili:
*Nzima.*