Namba Saba

Mwezi Mei, Jaén, mizeituni inachanua
vijiua vyeupe, kama mchele uliomwagika,
na mume wangu Telmo anaanza kulala ameketi.

Miaka tisa nimelala kando ya filimbi.
Fiii, kimya, fiii. Nahesabu gizani;
nikifika nne nisisikie ya tano
nampiga kiwiko.
"Bado nipo, Casilda. Lala."

Kila mtu alikuwa na jibu.
Mama mkwe: ni baridi ya kisima.
Kasisi: ni sigara alizoacha kabla hatujaoana.
Mwuza dawa alisema kikohozi, akatuuzia sharubati.
Dada yangu Obdulia akamfukuza paka wetu;
paka akahamia kwa jirani, akanenepa,
filimbi ikaendelea.

Tulikwenda mjini kwa sababu moja tu:
alianguka kwenye ngazi, midomo rangi ya zabibu.

Daktari Iruela nilimwona msichana,
kucha zimetafunwa, koti limemzidi mikono.
Vyeti vinne ukutani. Nilivisoma vyote,
sina aibu, pumzi ile ni yangu pia.
Hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza.
Huanza mwezi gani? Mvua ikinyesha, je?
Mkienda pwani kwa kaka yake, analala?
Hapo nikanyamaza.
Almería hulala kama gogo.
Miaka tisa nahesabu pumzi,
sikuwahi kuhesabu miezi.

Akampulizisha kwenye mrija,
"Puliza, usiache, bado, bado, bado!"
kama mkunga kwa mzazi mvivu.
Mstari kwenye kioo ukapanda, kisha ukainama mapema,
kama mtu aliyekumbuka kasahau funguo.

Kisha mkono, ule wa kupogolea,
umelazwa mezani kama mkate.
Matone kumi na mawili, namba kwa wino wa buluu,
kila tone na kijichomo chake.
Dakika kumi na tano. Saa ya ukutani ilikuwa mbovu,
tukatumia yangu.
Paka: hakuna kitu. (Samahani, paka.)
Vumbi la nyumba: kama kaumwa na mbu.
Namba saba ikainuka, ikavimba, ikawaka pembeni.
"Saba ni nini?"
Daktari akavua miwani kwanza.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga;
hawakusema kwamba kikulishacho pia.
Mizeituni mia sita na arobaini.
Babu yake aliuza nyumbu wawili kuipata mia ya kwanza.
Telmo akacheka, kicheko kikawa kikohozi:
"Kumbe nina wake wawili, na mmoja ananinyonga."

"Sijasema uiuze," daktari akajibu.
"Ni mzio wa chavua, na pumu juu yake. Nionyeshe pampu yako."
Akaifyatua ulimini, kwa fahari, akameza.
Miaka sita! Dawa ilikuwa ikienda tumboni.
Akafundishwa upya kama mtoto:
toa pumzi yote, bana midomo,
bonyeza, vuta polepole, zuia, hesabu kumi.
Hii ya kahawia kila siku, hata ukijiona mzima.
Ya buluu ukibanwa. Ukianza kuihitaji mara kwa mara
nipigie simu, usingoje ngazi.

Na sindano: chavua ileile,
chembe leo, zaidi kidogo baadaye,
miaka mitatu, na kila mara nusu saa ya kukaa palepale
wakimtazama asije akavimba.
Dawa ya moto ni moto. Hilo nililijua;
sikujua kwamba hupimwa kwa matone.

Huu ni Mei wa pili. Hajapona, sidanganyi.
Maua yakifunguka anavaa barakoa,
na kupogoa anapogoa mpwa wake, vibaya.
Lakini jana usiku niliamka: kimya.
Moja, mbili, tatu, nne.
Nikampiga kiwiko.
"Nini tena?"
"Hakuna. Sikukusikia."

Paka amekataa kurudi.
Anatutazama kutoka dirisha la jirani,
mnene, asiye na hatia.