Karatasi ya Fedha

Ivonete hufika maabara kabla jua halijaugusa mlima,
Belo Horizonte ingali inapiga miayo.
Vitoto vya panya vina siku kumi na tatu; macho yao
bado ni mishono miwili.

Antibiotiki imeshaua bakteria, hilo halina ubishi.
Lakini ubongo, kama nyumba iliyozimwa moto,
unaendelea kuungua chini kwa chini,
ndani ya boriti.

Kwa hiyo sindano. Nusu ni maji ya chumvi,
nusu vitamini B12, nyekundu kama juisi ya rosela,
na zote zimevishwa karatasi ya fedha
usije mkono wake ukapendelea.

Vitamini si mganga, alisema Daktari Quirino.
Ni jirani anayeleta ndoo ya maji
zimamoto wakishaondoka.

Ivonete hakujibu. Alikuwa na miaka tisa
kaka yake Valdeci alipozinduka kwenye homa,
akamtazama mama akichezesha midomo,
akacheka, akidhani ni mchezo.

Leo, akifunga tundu, funguo zinamponyoka.
Namba kumi na saba anashtuka:
sikio jembamba kama ganda la kitunguu
linageuka.

Moja tu. Halithibitishi kitu.
Daftari halina safu ya funguo zilizoanguka.
Karatasi ya fedha haisemi.

Jioni, mlangoni kwa Valdeci, habishi hodi.
Anabonyeza kitufe; ndani taa inakonyeza mara tatu,
na kaka yake anatokea, mikono tayari inauliza:
panya wako wameshindaje?